Nywele Nyeupe Kooni mwa Mukuba

Keren Ngoy hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja. Alikuwa amelinda mlango wa jengo moja la ofisi karibu na Schuman, katika mji mkuu wa Ubelgiji, miaka mingi, wima kama mlingoti, na siku alipopata leseni yake ya upelelezi aliapa kwamba hakuna mwajiri atakayemsimamisha tena. Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa ukingoni mwa Berchem-Sainte-Agathe, pale ambapo maghorofa yanakoma na tope linaanza, akizunguka uwanja wa farasi huku upepo ukimpigia mabati ya banda masikioni. Hata farasi mwenyewe hakutulia.

Farasi huyo aliitwa Mukuba, ndiyo shaba kwa Kiswahili cha Katanga, na rangi yake ililistahili jina. Alikuwa dume la miaka mitano, farasi wa mbio wa nasaba safi, amestaafu mbio akiwa bado kijana. Shamba moja la Normandie lilitaka kumchukua akazalishe. Kabla ya kukubali lilimtuma daktari wake wa mifugo amkague, na daktari akaona kovu kooni. Mwenye farasi akasema mtunza farasi wake alimkata kwa kisu. Shamba likamwajiri Keren ajue kama ni kweli.

Mwenye farasi, Papa Florent Kabulo, mhandisi mstaafu wa migodi ya Kolwezi, ndiye aliyeshika kamba siku hiyo, maana mtunza farasi alikuwa amefukuzwa. Ukweli ni kwamba kamba ndiyo iliyomshika yeye. Mukuba alimburuta hadi kwenye dimbwi, na viatu vyake vya Jumapili vikaonja tope la Ubelgiji.

"Papa Florent, mutembeshe tena," akasema Daktari Rolande, yule daktari wa shamba, mwanamke mfupi wa Kolwezi aliyesomea udaktari huku Ubelgiji na kuubakiza ulimi wake wa nyumbani. "Polepole. Bon. Sasa umurudishe."

"Unaangalia nini, docteur?" Keren akauliza.

"Miguu kwanza. Angalia vile anaweka ukwato: sawasawa, haipindi inje. Bega iko na mulalo muzuri. Mama yake alizaa bashindi tatu, donc damu iko. Akili pia, anauma batu kidogo, lakini haiko wazimu." Rolande alimfuata farasi kwa macho asipepese. "Lakini sikia, Keren. Farasi ya mbio, unauliza: yeye anaweza nini? Farasi ya kuzalisha, unauliza: ataachia batoto nini? Haiko swali moja. Huyu watamuletea bibi quarante, majike arobaini, kwa mwaka. Na ile batoto, utangoja miaka tatu mbele uione ikikimbia. Ukikosea leo, utajua wakati batoto wamejaa mu mabanda ya watu."

"Na mbio zake?"

"Njo pale kichwa inaniuma. À deux ans, miaka mbili, alikimbia mara tano. Kila mara anaanza muzuri, kisha mu mètres za mwisho anakufa. Alikaa hiver moja, miezi ya baridi yote, bila kukimbia. À trois ans, miaka tatu, anarudi, anashinda, anashinda tena."

"Kitu gani ilibadilika?"

"Papa anasema alikomaa."

"Na weye?"

Rolande alimwendea farasi, akamshika hatamu, akamgeuza kichwa kuelekea mwangaza. Manyoya ya baridi yalikuwa yamenyolewa mwili mzima, shingo na koo pia. Nyuma ya taya la kushoto palikuwa na mstari wa urefu wa kidole, na juu ya mstari huo nywele zilizoota zilikuwa nyeupe pe katikati ya shaba.

"Ule mushenzi Radjabu!" Florent akadakia kabla hajaulizwa. "Alikuwa anamunyoa na machine, farasi akamusumbua, akakasirika, akatosha kisu. Wiki mbili tu. Plainte, mashitaka yake, iko ku police tayari. Na njo maana nilikuambia, docteur, ile mupira yako ya caméra haiwezi ingia mu pua yake. Koo ingali inamuuma."

"Nani alimushona?" Keren akauliza.

"Docteur moja wa rafiki. Alisharudia kwao."

"Kwao wapi?"

"Mbali."

Keren akamtazama Rolande. Rolande akamrudishia Florent kamba, akamvuta Keren pembeni mwa marobota ya majani makavu na kusema kwa sauti ya chini:

"Nywele haigeuke nyeupe mu wiki mbili. Kidonda inapona, ile ya zamani inaanguka, mupya njo inatoka nyeupe. Ni miezi, ma chère. Mingi."

Keren akarudi uwanjani na kumweleza Florent hivyo hivyo, neno kwa neno. Mzee hakuyumba hata kidogo.

"Alors alimukata zamani, akaificha! Mi nitajuaje? Miye silale mu banda. Yeye njo alikuwa hapa miaka trois, asubuhi na magaribi."

Jibu lilikuwa na miguu. Keren alilichukia kwa sababu hiyo, maana mtu anayegeuza hadithi upesi namna ile ama anasema kweli, ama amezoea.

Lango likalia. Mwanamke mnene wa kitenge na koti zito akaingia na chupa ya chai na vikombe ndani ya kikapu. Alikuwa Maman Lucienne, mke wa Florent. Florent, aliyekuwa akinguruma sasa hivi, akanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme, kisha akaanza kusifia hewa, siku ambayo hewa haikuwa na sifa yoyote.

Lucienne aliwasalimu wote, akaweka kikapu chini na kumwendea Mukuba moja kwa moja. Farasi aliyetoka kumuuma daktari mkono wa koti akashusha kichwa. Mama akampitishia kiganja chini ya taya la kushoto, akakiacha hapo, juu ya kovu lenyewe, midomo ikimchezacheza. "Asante Yesu," akamalizia, na kumpigapiga shingo. Mukuba hakushtuka wala kujikunyata.

"Na Radjabu, ile kazi mupya ilimupokea muzuri?" akamuuliza mumewe huku akimimina chai. "Alienda bila kuniaga. Hata muke yake Fatuma hapokee tena simu yangu. Inaniumiza."

"Bon, Lucienne, chai itapoa," Florent akasema.

Keren akapokea kikombe chake, akazunguka nacho uwanja mzima bila kunywa. Walipokuwa wakirudi kituo cha tramu, Rolande alimwambia lililokuwa kichwani mwake tangu ziara ya kwanza. Kuna farasi ambao upande wa kushoto wa koo unalala. Hewa inapita kwa shida, na farasi akikimbia anapiga mluzi na kuishiwa nguvu mwishoni. Daktari anapasua pale pale nyuma ya taya, anauvuta upande uliolala kwa uzi na kuufunga wazi, na farasi anakimbia tena.

"Lakini uzi haurithiwe," Rolande akasema. "Ile koo mubaya njo inaweza rithiwa. Mu kichwa yangu najua. Lakini bila caméra siwezi apa, kovu ya kisu na kovu ya docteur zinafanana. Mi nitasema hapana, ile ferme ya Normandie itatafuta dume ingine, basi. Yule Radjabu njo atabakia na plainte ya kisu, wakati dossier yake ya papiers, ruhusa ya kuishi hapa, iko mu bureau. Banaweza mukatalia juu ya hii."

Kazi aliyolipiwa Keren ilikuwa karibu imekwisha. Angeweza kwenda nyumbani akalale. Badala yake alipanda tramu hadi kituo cha treni cha Gare du Midi.

Radjabu Kassimu alikuwa mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mrefu, mwenye mikono isiyojua pa kukaa. Walikutana kwenye mkahawa nyuma ya kituo, ametoka sala ya Ijumaa. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa, akaendelea kuikoroga.

"Ulimkata?" Keren akauliza.

"Wallahi sijamkata."

"Nani alimnyoa?"

"Mimi. Kila mwaka koti la baridi tunalitoa mwilini, shingo tunaiacha. Papa Florent alikuwa anasema shingo isiguswe, baridi itamwingia. Safari hii nikasikia docteur anakuja kumtazama kwa ajili ya kuzalisha. Nikasema, hapana, mgeni asimkute mwana wangu ana shingo ya mbuzi. Nikamnyoa wote." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilitaka apendeze, dada."

"Ukaliona kovu."

"Nikaliona. Nikashangaa."

"Hukulijua?"

"Ningelijuaje chini ya manyoya?"

"Miaka mitatu unamsugua kila siku, Radjabu."

Kijiko kikasimama. Nje basi lilipiga honi, na Radjabu akageuka kana kwamba ni yeye aliyeitwa.

"Kabla sijaenda kumzika mama yangu," akasema, "alikuwa akikimbia anapiga mluzi. Kama birika. Nilikaa Bujumbura mwezi wa pili wote na kidogo ya wa tatu. Niliporudi nikakuta shingo imefungwa bendeji. Papa Florent akasema ni jipu. Lilipopona, mluzi ukawa umekwisha. Mimi si docteur. Nikashukuru."

"Mwaka gani huo?"

"Mwaka juzi. Hiver ile hakukimbia."

"Na haya yote umewaambia polisi?"

"Sijawaambia."

"Kwa nini?" Keren alikuwa amesimama tayari, ameegemea kiti. "Wanakuandikia kisu, na wewe una tiketi ya ndege ya kukuonyesha ulikuwa wapi!"

"Dada, kaa." Hakukaa. "Usiku Imani wetu anazaliwa, mke wangu alikuwa hana mama wala dada katika nchi hii. Maman Lucienne ndiye alimshika mkono mpaka asubuhi. Leo mimi niingie polisi niseme nyumba ya Maman Lucienne ni nyumba ya waongo? Fatuma ananiambia sema. Siwezi. Nitakaa kimya mpaka Mungu aseme."

"Mungu atasema. Lakini polisi watataka mtafsiri."

Radjabu hakucheka, na Keren akajuta, maana aliona macho ya mtu ambaye hajalala. Tiketi ingeonyesha kwamba hakuwepo mwezi wa pili, lakini isingeonyesha kwamba kisu kilipita mwezi huo. Florent angesema ni mwezi mwingine. Mzee yule angeweza kupata miezi mingi kadiri alivyotaka. Alihitajika mtu aliyekiona kisu cha daktari, naye akiseme kwa hiari yake.

Usiku huo na Jumamosi yote Keren alitembea. Alipita mfereji mara mbili, akapanda metro na kushuka bila sababu, akiurudia mkono wa Lucienne kichwani. Mtu anayembembeleza farasi humshika paji la uso au mgongo wa pua. Mama yule alikuwa ameweka kiganja mahali pamoja tu, na alikuwa akishukuru. Kushukuru ni kwa jambo lililokwisha kutendeka.

Na hapo ndipo Likasi, mji wa Katanga alikokulia, ilipomsaidia. Keren alilelewa katika kanisa la maombi, mama yake akiwa mstari wa mbele kila Jumapili. Sheria ya kule haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: ukipokea, unashuhudia. Mtu aliyeponywa akanyamaza aliitwa mwizi wa utukufu, na ugonjwa ulitarajiwa kumrudia. Jirani yao mmoja alishuhudia hata kupona kwa bata. Florent angeweza kumficha daktari wa mbali, akaficha bendeji, akaamuru shingo isinyolewe. Mficha uchi hazai, lakini yeye alitaka kuficha na kuzalisha pamoja. Kitu kimoja tu asingeweza kukifunga uzi, nacho ni mdomo wa mke aliyejibiwa maombi.

Jumapili Keren alikuwa wa kwanza kufika kanisani kwa akina Kabulo, ghala la zamani la samani huko Anderlecht, viti vya plastiki na ngoma mpya. Aliwangoja mlangoni akibadilisha mguu. Mpelelezi mchanga huuliza kama jambo lilitokea. Aliyezoea huuliza lilitokea lini.

Maman Lucienne alipotokea, amevaa kitambaa cheupe kichwani, Keren alimbusu mashavuni kwa adabu yote ya nyumbani.

"Maman, ule ushuhuda wa Mukuba, ulitoa hapa wakati gani? Ilikuwa Noël ao Pasaka?"

Uso wa mama ukafunguka wote.

"Aa, ma fille! Nani alikuambia? Pâques! Deux ans, miaka mbili sasa! Nilisimama pale mbele, kanisa yote ikalia. Mukuba koo yake ilikuwa imekufa upande moja. Docteur mu-allemand, wa Ujerumani, akakuya, akafungua hapa." Akajionyesha mwenyewe kwa kidole, nyuma ya taya, kushoto. "Akaivuta na uzi. Tulifunga kula siku tatu, ma fille. Wakati alikuwa bado na usingizi ya dawa nilifikiri ameenda. Kisha akavuta pumuzi, na ile kelele haikuwako tena."

"Radjabu alikuona vile ulikuwa unalia?"

"Radjabu? Alikuwa Bujumbura, maskini, anazika mama yake. Miye njo nililala mu banda na Mukuba, miye na papa."

Florent alikuwa amefika nyuma yake na tai nyekundu. Alisikia neno la mwisho, na uso wake ukaonyesha kwamba alikuwa amesikia na yaliyotangulia. Keren hakuona raha yoyote. Alikuwa amekuja kuchukua jambo zuri kuliko yote aliyokuwa nayo mama huyu, na kumrudishia likiwa limechafuka.

"Maman, pole. Ile alama ya docteur, papa alienda kusema ku police kama ni Radjabu alimukata Mukuba na kisu. Hakupata kazi mupya. Walimufukuza. Njo maana Fatuma hapokee simu yako."

Lucienne hakupiga kelele. Aligeuka polepole.

"Florent?"

"Lucienne, ngoja nikuelezee."

"Eleza."

"Docteur aliniuliza mbele ya batu, kidole yake juu ya koo. Nilisema kitu ya kwanza ilikuya mu kinywa."

"Na kitu ya pili? Kwenda ku police?"

"Ya pili ilifuata ya kwanza." Mzee alikuwa akitafuta kitambaa mfukoni na hakipati. "Ile farasi iko na jina yetu. Batoto yake wangekimbia Ufaransa, batu waseme ni ya Mukatangais. Mi niko na miaka sabini na tatu, Lucienne. Sina kitu ingine ya kuacha."

"Batoto ya kupiga mluzi," Keren akasema. "Quarante kwa mwaka."

Ndani ngoma zikanyamaza. Mchungaji akasikika kwenye kipaza sauti akiwaita wenye ushuhuda waje mbele, Bwana ametenda nini wiki hii.

"Lundi, kesho, nitaenda police," Florent akanong'ona na kumshika mkewe mkono. "Nitaondosha plainte. Kimya kimya. Likambo te, hakuna neno. Docteur Rolande nitamupa ruhusa ya caméra. Baki hapa."

"Ulimupaka matope mbele ya batu," Lucienne akasema, "na utamupangusa mu coin, mafichoni?"

Akauondoa mkono wa mumewe kidole kwa kidole. Akapita katikati ya viti, kitenge kikifagia sakafu, na watu wakaanza kupiga makofi kama walivyozoea kila wakimwona akielekea mbele, maana alikuwa na ushuhuda mzuri siku zote. Keren, ambaye hakuwa ameketi tangu Ijumaa, akavuta kiti cha nyuma kabisa na kuketi.

Lucienne akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Munanijua," akasema. "Deux ans nilisimama hapa, nikawaambia Bwana aliponyesha farasi yetu na kisu ya docteur. Ilikuwa kweli. Ile kisu, shiye mu nyumba yetu tuliichukua, tukaiweka mu mukono ya mutoto ya wenyewe. Anaitwa Radjabu Kassimu. Hakukata mutu, hakukata munyama. Nisaidieni kusema jina yake."

Kanisa lililozoea kujibu amina halikujua lijibu nini. Kiti kimoja kikakwaruza. Kisha sauti ya mtu mzima, imekauka, ikalitaja jina hilo kutoka mlangoni, na watu wakageuka wakamwona Papa Florent, tai mkononi, akianza kwenda mbele.